Vichwa Vizito

Mjukuu mkubwa alikwama tena katikati ya mstari, akamgeukia bibi yake.

"Halafu inasemaje, Bibi?"

Bibi alisonya. Ulikuwa mstari wa mchungaji na kondoo wake, mstari ambao hata mtoto asiyejua kujifunga kamba za viatu anapaswa kuujua. Akamtajia neno lililofuata kama anayemtupia mbwa mfupa. Mtoto akalidaka, akaendelea kidogo, akakwama mbele zaidi.

"Halafu, Bibi?"

"Halafu mnanichosha."

Kwa miaka mingi alikuwa amewafundisha watoto wa kanisa. Wanaume wenye ndevu bado walimwita Mwalimu, na wakimwona waliingiza mikono mifukoni, maana viganja vyao viliikumbuka fimbo yake. Waliopita mikononi mwake walimwaga sura nzima ya Biblia bila kupepesa macho. Na sasa, uzeeni, mwanawe amemleta kuishi katika nyumba ambayo jioni nzima inaliwa na mstari mmoja.

Alijua kosa ni la nani. Mkwewe, mke wa mwanawe huyo, alikuwa fundi wa meno ya bandia. Alishinda karakanani akisugua magego ya watu asiowajua, akarudi na vumbi jeupe kwenye nyusi, akapika mbiombio, kisha eti akakaa kuwafundisha watoto neno la Mungu. Na mafundisho gani? Fimbo hakuna, sauti ya ukali hakuna. Wanaimba, wanapiga makofi, wanarudia. Anayekosa hakatiwi hata jicho.

Tena kulikuwa na makaratasi. Mkwe aliuandika mstari huo kwa herufi kubwa kama za bango la duka, akaubandika juu ya sinki, kando ya kioo cha bafuni, hata ndani ya mlango wa chumba cha Bibi, utadhani watoto wanalala humo. Bibi aliibandua karatasi ya chumbani kwake. Asubuhi akaikuta imerudi.

"Kwani watoto wako ni vipofu?" alimuuliza mkwewe.

"Hapana, Mama. Ni kuyazoesha macho tu."

"Mimi wa kwangu niliwazoesha masikio. Kwa kuyavuta."

Mkwe alicheka kidogo, akaenda kuosha vyombo. Hata kujibu maneno ya shombo hakuweza. Mwanamke kama uji usiotiwa chumvi wala sukari.

Siku moja mchungaji wa kanisa alikuja kuwatembelea. Alikuwa kijana mwembamba, naye aliwahi kulia mbele ya meza ya Mwalimu. Aliushika mkono wa Bibi kwa mikono yake yote miwili, akasema mengi kwa sauti ya chini juu ya Jumapili ya watoto, mwisho akauliza kama Mwalimu amekubali. Bibi akasema amekubali, ili aondoke. Mtu anayenong'ona namna ile, aliwaza, hawezi kuhubiria hata kuku.

Tangu hapo mazoezi yakazidi. Chai ya asubuhi ni mstari, kukunja nguo ni mstari. Mjukuu mdogo, waliyemwita Kifungo kwa ufupi na umviringo wake, akaanza kukwama kuliko hata dada yake.

Jioni moja Kifungo alifika katikati, akanyamaza, akamkodolea Bibi macho.

"Halafu, Bibi?"

Safari hii Bibi hakumsaidia. Alikunja mikono, akatazama dirishani. Acha ataabike, alijiambia. Mkwe aliacha kukunja shuka. Bibi aliendelea kutazama dirishani, midomo ameibana, mpaka Kifungo akaanza kulia.

"Mnaona?" Bibi alisema. "Kichwani hamna kitu, kazi yake kulia."

Mwanawe aliinuka, akatoka nje. Naye ni walewale, Bibi aliwaza. Ameoa upole, ameambukizwa. Mkwe alimfuta mtoto machozi, akasema kwa sauti yake ileile laini:

"Tuanze mwanzo, taratibu. Sote kwa pamoja. Na wewe Mama, tafadhali tusaidie."

Bibi akausema pamoja nao, kila neno akilikata kwa dharau, wapate kusikia mstari unavyosemwa na watu wenye akili zao.

Jumapili ya watoto ilipofika, kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Bibi alivaa gauni lake la kijivu. Mkwe alikuwa amelipiga pasi, na Bibi alilikagua mshono kwa mshono asipate kosa, jambo lililomuudhi zaidi. Yeye na wajukuu wakapewa benchi la mbele kabisa. Vizuri, aliwaza, mkwe aibu ataiona kwa karibu.

Watoto wa watu walikuwa wamekaa wametulia, nyuso kavu. Wa kwao walimbana kulia na kushoto, viganja vyao vimelowa jasho. Nyuma yao mkwe alikuwa amefumba macho. Maombi yamechelewa, mwanangu, Bibi alisema moyoni, akaanza kupanga maneno ya kumwambia wakirudi nyumbani.

Mchungaji alisimama mbele ya kipaza sauti, akasema kwamba kabla ya jambo lolote, mstari wa kufungua siku utasemwa kutoka benchi la mbele. Watu wakageuka kuwatazama. Makofi yakaanza. Bibi akamgusa mjukuu mkubwa kwa kiwiko.

"Haya, nenda ukatutie aibu."

Mtoto alisimama, lakini hakwenda popote. Alimshika Bibi mkono, akamnyanyua polepole, akamsogelea sikioni.

"Wanakuita wewe, Bibi. Usiogope. Jana uliusema wote mpaka mwisho. Ukikwama, nitazame mdomo wangu."