Sauti ya Mlangoni

Muuza silaha alimwekea Raya bastola mbili mezani, rivolva na ya magazini.

"Ya magazini hubeba risasi nyingi, dada, ila inaweza kukwama. Rivolva haina makuu."

Raya aliishika rivolva. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani.

"Wezi wanakusumbua?"

"Mwizi hapigi hodi. Huyu hupiga kila jioni, kwa sauti ya marehemu mume wangu. Haingii kwa sababu sijamkaribisha."

Muuzaji aliguna, akainama kutafuta risasi chini ya meza.

"Hodi," sauti ya kiume iliita mlangoni.

Raya alitaka kumzuia, lakini muuzaji, kwa mazoea tu, alikwisha kuitikia bila kuinua kichwa: "Karibu ndani."

Raya aliinua rivolva tupu. Pazia la mlango likaanza kutuna polepole, kama kanzu inayovaliwa.