Ukili wa Tunu

Mkeka ulikataa kulala. Dada Saumu aliubonyeza kwa magoti yote mawili, lakini kila alipouachia uliinuka katikati kama tumbo la aliyeshiba. Kesho wasichana kumi na wawili wa kikosi chake walikuwa wasimame juu yake pekupeku, wale kiapo cha skauti. Kila mmoja alisuka ukili wake, utepe mrefu wa ukindu, na Saumu akaziunga zote kwa shazia, ile sindano ndefu ya mikeka.

"Ni ukili wa Tunu," alisema Hadiya, kiongozi wao wa zamu. "Amekaza mno. Tuutoe tu, Dada."

Tunu, mgeni wa wiki tatu ambaye kikosini hakuna aliyewahi kuisikia sauti yake, aliinamisha kichwa. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka.

Saumu alichukua wembe akate uzi, akaviona vidole vile, akauweka chini. Akamwekea mtoto shazia kiganjani.

"Wewe ungefanyaje, mwanangu?"

Tunu aliupapasa mkeka mpaka kwenye uvimbe. Kisha akauchomoa ukili wake mwenyewe, akaanza kuuzungusha na kuushona, mzunguko juu ya mzunguko.

"Kwetu Bibi ndiye wa mikeka," alisema taratibu. "Mimi ni wa makapu, na kapu hutaka ukili uliokazwa."

Hadiya aliuliza kesho watasimama juu ya nini. Kitako cha kapu kilikuwa kimeshatokea mapajani mwa Tunu, na ukili wake ulikuwa unakaribia kuisha. Hadiya akaguna, akauchomoa wa kwake, akamsogezea ncha aiunge kwenye kapu.