Nusu Tone

Siwema alikuwa akidondosha maji ya gome la dawa ndani ya yai alilolikata kidirisha kwenye ganda, Ngoda alipoupiga mlango teke. Mkononi alikuwa na panga.

“Shemeji, nipe hiyo dawa. Titi la dada yako linaoza, nawe umekaa unachezea mayai!”

“Tazama kwanza.”

Ndani ya yai, mishipa myekundu iliyotanda jana ilikuwa imenyauka pande zote za tone.

“Uvimbe wake unalishwa na mishipa kama hii. Dawa inaizuia isiote. Lakini kifaranga naye amekufa, na dada ana mimba.”

Ngoda alimkaba koo, akambamiza ukutani. Panga likafyeka meza, mayai yakapasuka, damu na ute vikamrukia Siwema usoni. Ngoda akainyakua chupa ya dawa, akageuka kuondoka, na kiatu chake kikakanyaga kitu laini. Akainama kukitazama: kifaranga kichanga, hata manyoya hakijaota.

“Kiasi gani hakimuui mtoto?”

“Sijui bado.”

Akaketi sakafuni, ameikumbatia chupa. Siwema, mdomo ukimvuja damu, aliliokota yai moja lililosalimika, akalirudisha kwenye kasha la joto. Kesho angejaribu nusu tone, iwapo Ngoda angeiachia chupa.