Anwani ya Kurudishia

Siku hizi mzee akishindwa kushika jembe hutumwa kwa posta kwenda Kambi Kuu, na posta ya kijiji anaiendesha Nyamizi. Leo Lugendo kamleta mama yake. Nyamizi akampandisha bibi kwenye mizani, akambandika stempu kifuani, kisha akauliza kama kazi inavyomtaka:

"Wasipompokea, arudishwe kwa nani?"

Lugendo akatazama viatu vyake. "Hapo paache wazi, dada."

"Usimsumbue, mwanangu," bibi akamwambia Nyamizi. "Ana watoto wengi."

Nyamizi akagonga mhuri.

Pembeni, mama yake mzazi, ambaye magoti yalishagoma, akaokota ufagio. Akaanza kufagia upya sakafu aliyotoka kuifagia, kwa nguvu zote, mahali ambapo binti yake angemwona.