Kunde za Bi Mwanaidi

Dalali wa mahakama alipobisha hodi, Bi Mwanaidi alikuwa amebandika kunde. Nyuma ya dalali alisimama Tausi, mnunuzi wa nyumba, na mkokoteni wenye vitanda vyake. Bi Mwanaidi na mumewe walikuwa wamekubali kumuuzia. Kisha mume akafariki, na mjane akakataa kutoka. Jana kesi iliisha. Akaamriwa ahame.

"Karibuni," alisema. "Chungu kiko motoni. Kunde zikiiva tu, natoka."

Katika mji ule hakuna mtu anayeepua chungu cha mwenzake. Dalali akaketi barazani. "Haya, mama. Kunde si mawe."

Tausi aliingia jikoni kumsaidia Bi Mwanaidi kubeba mizigo. Mafurushi yalikuwa yamekwisha kufungwa. Yalibaki mafiga matatu tu, ambayo marehemu mumewe aliyajenga kwa saruji ili chungu cha mkewe kisiyumbe.

Kunde zilipoanza kutokota, Bi Mwanaidi alichota kwa kata maji ya mtungini, akayamimina juu yake. Mapovu yakatulia. Punde akamimina tena. Tausi alikuwa mpishi. Alijua maji baridi huzigomesha kunde zisiive.

"Dada Tausi," dalali aliita, "bado tu?"

Kata ilisimama mkononi mwa Bi Mwanaidi. Hakuinua uso.

"Bado," Tausi alijibu. "Kunde za mwaka jana hizi. Ngumu."

Kisha akachuchumaa mbele ya mafiga, akashika ukuni uliokuwa ukiwaka vizuri, akauvuta nje taratibu.