Fuko na Watoto Arobaini

Mji wa wanyama ulipofurika hadi wakazi wakawa wanalala kwa zamu, Kenge alitumwa kupita shimo kwa shimo kuhesabu wakazi. Panya, mama wa watoto arobaini, akajifanya mjanja, akidhani wenye familia kubwa ndio watakaofukuzwa. Jioni ile akawapeleka watoto wote kwa jirani yake Fuko, kapera mpole asiyejua kukataa.

"Shikamoo mzee. Mimi naishi peke yangu," Panya akamwambia Kenge asubuhi.

Kwa Fuko, Kenge alikuta vichwa vimebanana hadi mlangoni. "Hawa wote wamelala hapa?"

"Wao wamelala," alijibu Fuko huku akipiga miayo. "Mimi ndiye sikulala."

Kenge akaandika arobaini na mmoja.

Mwezi uliofuata yakagawiwa mashimo mapya, kila kichwa shimo lake. Fuko akapata arobaini na moja. Panya, moja tu, na watoto walisharudi kwake.

Akaenda kubisha hodi. "Jirani, nipangishe hata mawili."

Fuko alijinyoosha mlangoni, akakuna tumbo.

"Mashimo yapo, mama. Ila mimi sipangishi wenye watoto."