Moshi wa Nyumba Ishirini na Tatu

Kabla jua halijachomoza, Bibi Tinka alikuwa amekwisha kubandua watu kumi na wanane milangoni. Wanne walikataa. Gundi ya zamani ile, inashika kuliko ndoa za siku hizi. Akawakwangua kwa kisu.

Pale Vranilovo mtu akifa, picha yake huchapwa kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni kwake, na kila mwaka hubandikwa mpya. Kijiji kilikuwa na nyumba ishirini na tatu. Zenye karatasi zilikuwa ishirini na mbili. Iliyobaki ni ya Bibi Tinka. Mumewe Peyo alibandikwa kwenye nyumba aliyorithi kwa wazazi wake, na Bibi mwenyewe hakuwa na haraka.

Funguo zote alikuwa nazo yeye. Akaingia nyumba moja moja, akawasha majiko ya kuni. Kwa marehemu Stamat alikuta kiti kimesogezwa karibu na jiko.

"Panya," akajiambia, akakirudisha. Kiti cha mwaloni kile, kilimtoa jasho.

Hakufanya hayo kwa mchezo. Mara ya mwisho aliposhuka bondeni kupiga simu Uhispania, binti yake Neli alimwambia, "Mama, nimechoka. Theluji ikianguka na bado sikupati kwenye simu, nakuja kukuchukua. Nyumba tunauza."

"Na baba yako nimwachie nani?"

"Baba yuko kaburini, mama."

"Hata alipokuwa hai, vifungo vya shati nilimfunga mimi."

Krum, mtu wa kampuni ya intaneti, alifika saa tatu asubuhi. Kampuni yake ilikuwa inameza wilaya nzima. Kwenye ramani ya ofisini, kila kijiji chenye mnara wake wa mtandao kilipakwa rangi nyekundu, na Vranilovo peke yake ilibaki nyeupe kama jino. Ila mnara haupelekwi penye nyumba chini ya ishirini zinazokaliwa. Krum hakuwa mtu wa kugonga milango. Alisimama kilimani, akahesabu moshi.

"Ishirini na tatu," akasema aliposhuka. "Mimi niliambiwa huku watu wamekwisha."

"Waliokwambia ndio waliokwisha."

"Mbona simwoni hata mmoja?"

"Wazee, mwanangu. Wamejilaza."

"Na intaneti wataiweza?"

"Watajifunza. Wana nafasi kuliko wewe."

Bibi Tinka akafungua leso. Vitambulisho ishirini na viwili mbali na chake, na fomu zimekwisha kutiwa sahihi. Krum angeweza kutazama tarehe za vitambulisho. Akatazama mlima, pale mnara utakapokaa.

Mnara ulisimama kabla ya theluji. Neli akapiga, akauona uso wa mama yake kwenye kioo cha simu, na habari ya kuuza nyumba ikafa.

Kila mteja mpya alipewa simu ya zawadi, na mwaka mzima bure. Zikaletwa boksi ishirini na tatu. Bibi Tinka alikuwa mwongo, lakini mwizi hapana. Ilipofika Jumamosi ya Wafu, siku ya kuwapelekea marehemu ngano ya kuchemsha na divai, alijaza toroli, akampelekea kila mtu simu yake. Alizifukia makaburini, upande wa kichwa, zote zikiwa zimewashwa. Kwa mume wake Peyo alikaa, akamwelekeza mara mbili pa kubonyeza.

Mwezi wa tatu Krum akarudi, na ngazi ndefu juu ya gari. Nyuso zilikuwa zimebandikwa upya milangoni. Alipita katikati yao polepole, kama mtu anayekaguliwa.

Bibi Tinka alimngoja kibarazani. "Umekuja kuung'oa mnara."

"Wale wote, bibi?"

"Wote. Moshi ulikuwa wangu. Wa mwisho tulimzika miaka minne iliyopita." Sauti yake ilishuka. "Neli akinikosa siku mbili tu, yuko hapa na mabegi. Niachie mnara hata mpaka Pasaka, nipate kumzoesha kunikosa."

Krum akaketi bila kukaribishwa. Midomo ilikuwa imempauka.

"Sikuja kung'oa. Nimetumwa kuongeza nguvu. Wilaya nzima hakuna mnara uliozidiwa kama huu." Akatoa karatasi mfukoni. "Wateja ishirini na wawili wametuma malalamiko, kila mmoja kwa simu yake. Nilifikiri ni wewe unatuchezea."

"Mimi nina simu moja, na ya kupokelea tu. Kuandika humo sijui."

"Basi soma, bibi. Mimi nimeshindwa kuyasoma mara ya pili."

Bibi Tinka akavaa miwani. Ishirini na mmoja walikuwa wameandika maneno yale yale: Mtandao haushiki vizuri huku chini.

Peyo peke yake aliongeza kidogo: Fanyeni hima kabla ya Pasaka. Mke wangu anahamia huku, na binti yetu lazima aweze kumpata.